SANDUKU NDILO LIIMBALO
Jinsi sanduku la sabwufa linavyoundwa kwa faibaglasi

Ukisimama kando ya barabara hapa Ziwa la Ng'ombe jioni, utasikia gari kabla hujaliona. Kwanza kifua chatetema, kisha vioo vya duka vyalia, halafu ndio mwenyewe atokea, na pengine ni tuktuk tu! Wengi wetu hudhani siri ya mdundo ule ni spika kubwa ya bei ghali. La hasha! Spika ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni sanduku lake, na hiyo ndiyo nataka kuieleza. Kuna wenzetu wanaopoteza pesa kwa kutojua jambo hili, na kuna wengine wanaopoteza afya kwa kuifanya kazi hii bila vipimo.

KWA NINI SPIKA YATAKA SANDUKU?

Spika hupiga hewa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Koni yake ikisukuma hewa ya mbele, ile ya nyuma huivuta. Mawimbi hayo mawili yakikutana huuana, kama tunavyofunzwa katika Fizikia kuhusu mawimbi kuingiliana. Sauti nyembamba haidhuriki sana, lakini besi ni wimbi refu. Katika joto la nyuzi 30, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Hebu gawanya kwa mdundo wa hezi 50. Wapata wimbi la mita 7 hivi, refu kuliko nissan ya abiria 14! Wimbi kama hilo lazunguka ukingo wa spika bila taabu na kummaliza mwenzake. Ndiyo sababu spika isiyo na sanduku hulia kama redio ya betri zilizochoka.

Sanduku hulitenga wimbi la nyuma. Tena hewa iliyofungwa ndani hufanya kazi ya springi, huirudisha koni mahali pake. Mmarekani Edgar Villchur alilionyesha jambo hili mwaka 1954, alipounda spika yenye sanduku dogo lililozibwa kabisa, ikatoa besi nzito iliyokuwa ikitarajiwa kwa masanduku makubwa tu. Kwa hivyo ukubwa wa hewa si jambo la kubahatisha. Sanduku likiwa dogo mno, springi yawa ngumu na besi nzito haitoki. Likiwa kubwa mno, koni yaenda mbali kupita kiasi na mwisho huharibika. Karatasi inayokuja na spika husema zatakiwa lita ngapi. Fundi asiyeisoma acheza bahati nasibu na pesa za mtu.

KWA NINI FAIBAGLASI?

Sanduku la mbao la mraba hula buti yote, hata mzigo wa sokoni hauna pa kukaa. Faibaglasi hufuata umbo la gari kama nguo ya kushonewa. Hujibana kwenye pembe nyuma ya tairi, mahali palipokuwa bure. Isitoshe, umbo la mviringo lina nguvu, yai ni shahidi. Ubao bapa na mwembamba hutetema wenyewe. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Na sanduku la spika likianza kuvuma lenyewe, wimbo umeshaharibika.

Kitu chenyewe si kigeni kwetu watu wa pwani. Ni nyuzi nyembamba za kioo zilizotandazwa kama mkeka, zikaloweshwa rezini, ikaganda. Nyuzi hizi zilianza kutengenezwa kwa wingi huko Marekani miaka ya 1930, na leo boti nyingi uzionazo baharini zimeundwa kwazo.

HATUA ZA KAZI

Likizo ya Aprili nilishinda kwenye kibanda cha fundi mmoja mtaani kwetu, nikiandika kila alilofanya.

Kwanza, alifunika pembe ya buti kwa selotepu ya karatasi, kisha foili, ili rezini isishike rangi ya gari. Milango yote aliiacha wazi. Akatandaza mkeka wa nyuzi vipande vipande na kuupaka rezini kwa brashi, tabaka mbili. Viputo vya hewa alivikandamiza vyote, kwa sababu kila kiputo ni udhaifu. Kesho yake alilitoa ganda lile nje, likiwa limechukua umbo la pembe barabara, akaongeza tabaka nyingine mpaka likafika unene wa milimita 6 hivi.

Pili, alikata duara la ubao wa MDF wa milimita 18, ndipo spika itakapofungwa. Akalisimamisha kwa vijiti, likielekea upande aliotaka sauti iende.

Tatu, alichukua kitambaa cha sweta la mtumba kutoka Kongowea, kile kinachovutika, akakivuta kutoka kwenye duara mpaka ukingo wa ganda na kukipiga pini. Hapo umbo likajichora lenyewe, limejipinda vizuri kama tanga lenye upepo. Alikilowesha rezini, kikawa kigumu. Kisha akaongeza mikeka ndani na nje.

Nne, kabla ya kupiga msasa, alipima. Hapa ndipo nilipompenda fundi yule. Alimimina mahindi makavu kupitia tundu la spika mpaka sanduku likajaa, kisha akayapima mahindi kwa ndoo ya lita 10. Zikaja ndoo tatu na nusu, yaani lita 35. Spika yenyewe hula nafasi ya lita 3, zikabaki 32. Karatasi yataka 30. Basi akabandika ndani vipande viwili vya mbao, kila kimoja cha sentimita 10 kwa 10 kwa 10, yaani lita moja moja. Hesabu ikatimia.

Mwisho, alipaka fila, akapiga msasa wa namba 80, kisha 180, akabandika zulia na kuziba kila upenyo kwa silikoni. Waya wa umeme aliutia fyuzi karibu kabisa na betri. Ukikwaruzika njiani bila fyuzi, waya huo waweza kuliteketeza gari.

Siku hiyo hiyo alikuja kijana na spika ya bei kali, alalamika ati ameuziwa feki. Fundi akampimia sanduku lake la mbao: lita 14. Karatasi yake ilitaka 30. "Mwanangu," fundi akamwambia, "spika yako haina makosa. Umeivisha kiatu cha mtoto." Yule kijana alikuwa tayari kwenda kununua nyingine!

HADINA SI MCHEZO

Rezini ya poliesta haigandi mpaka itiwe hadina. Kilo moja yataka gramu 10 hadi 20, na kwa joto letu la Mombasa ni heri kuelekea 10. Ukizidisha, hukuganda kikombeni kabla hujapaka, tena hupata moto. Masalio mengi yakiachwa kwenye kopo yaweza kufuka moshi, hata kuwaka. Hadina ikiingia jichoni yaweza kupofusha. Osha papo hapo kwa maji mengi, dakika 15 au zaidi, kisha mbio hospitali. Na hadina isichanganywe kamwe moja kwa moja na dawa ya kobalti ya kuharakisha rezini, maana yaweza kulipuka.

Vijana wawili waliokuwa wakimsaidia fundi walijifunga leso puani. Leso yazuia vumbi kidogo, lakini haizuii mvuke wa stairini unaotoka kwenye rezini. Huo wataka barakoa yenye vichujio vya mvuke. Mmoja wa vijana hao tulikuwa naye darasa moja mpaka mwaka jana, karo ikamshinda. Nilimwuliza kama macho hayamwumi. Akajibu, "Yaniwasha kila siku, nishazoea." Kisha akanionyesha kopo la hadina, akaniuliza maandishi yale mekundu yasemaje. Yalikuwa Kiingereza kitupu, cha maneno ya kemia. Niliyasoma, nikamfasiria. Alinyamaza kidogo, akaenda kunawa mikono.

MASIKIO PIA YANA KIPIMO

Sauti ya desibeli 85 ni salama kwa saa 8 hivi kwa siku. Ikipanda kwa desibeli 3, muda huo wagawanyika kwa mbili. Ikifika 100, ni dakika 15 tu. Sasa mfikirie makanga anayeanza kazi alfajiri hadi usiku! Tena jirani mwenye mgonjwa hakununua tikiti ya wimbo wako. Kanuni za kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira, zakataza kelele za kupita kiasi. Sanduku zuri lakusaidia hapo, kwa sababu wasikia besi safi bila kufungua sauti mpaka mwisho.

OMBI LANGU KWA CHAMA

Walimu wetu na wanachama wenzangu, wako wanafunzi wengi watakaoingia kazi za mikono kama hii, nayo ni kazi ya heshima. Fundi ana ujuzi, sisi tuna lugha. Naomba Chama cha Kiswahili kiandike maonyo haya kwa Kiswahili sanifu chepesi, tuyabandike katika kila kibanda cha mtaa. Mimi nimeanza hivi, tafadhalini nirekebisheni:

Pima hadina, usikisie.
Vaa glavu, miwani na barakoa ya mvuke.
Fanya kazi penye upepo, mbali na moto.
Hadina ikiingia jichoni, osha kwa maji dakika 15, kisha nenda hospitali.