Macho ya mtoto yanachezacheza? Haya ndiyo yanayosaidia bila upasuaji

- Hakuna dawa inayoyatuliza macho hayo kabisa, lakini miwani sahihi huweza kumwongezea mtoto uwezo wa kuona.
- Mtoto anayegeuza shingo akisoma hana kiburi. Usimnyooshe kichwa.
- Macho yakianza kucheza ukubwani, wahi hospitali.

Dar es Salaam. Mtoto ana miezi mitatu, ananyonya vizuri na anacheka. Lakini mama akimtazama usoni, macho hayatulii. Yanakwenda kushoto na kulia bila kupumzika. Bibi anasema yataacha akikua, jirani ananong'ona kuwa karogwa, na mwingine analeta dawa ya kienyeji ya kudondoshea machoni, ambayo inaweza kumuumiza zaidi.

Kitaalamu hali hii huitwa nistagmasi. Ile ya utotoni huanza mara nyingi ndani ya miezi sita ya kwanza, na mtoto hawezi kuizuia. Wakati mwingine hurithiwa. Wakati mwingine huja na tatizo jingine, kama mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao au ualbino. Karibu watu wote wenye ualbino wanayo, hivyo kwa Tanzania si jambo la kusikia kwa mbali.

Kinachowashangaza wazazi wengi ni kwamba mtoto mwenyewe kwa kawaida haoni dunia ikitikisika. Ubongo wake umezoea tangu mwanzo. Shida yake ni kuona vitu vidogo au vya mbali, na kuhitaji muda zaidi kutambua anachokiona.

Miwani kwanza

Watoto wengi wenye nistagmasi wana pia tatizo la kuona mbali, karibu au vyote viwili. Miwani haisimamishi macho, ila inaondoa ukungu uliojazia juu ya shida iliyopo. Usisubiri mtoto ajue kusoma herufi. Daktari hutia matone ya kupanua mboni kwa muda, kisha hupima kwa mwanga, hivyo hata mtoto mchanga anapimika.

Wapo wanaoona vizuri zaidi kwa lenzi za kuvaa ndani ya jicho, kwa sababu lenzi inakwenda na jicho popote linapoelekea. Lakini zinadai usafi wa hali ya juu na usimamizi wa mzazi, la sivyo jicho linapata maambukizi.

Kwa nini anageuza shingo?

Wengi wana upande mmoja ambao wakitazama, macho hutulia kidogo. Mtoto anaugundua mwenyewe, kisha anageuza uso ili autumie. Hapo ndipo anapoona vizuri zaidi. Ukimnyoosha kichwa kwa nguvu, unamnyang'anya uwezo huo.

Ikiwa shingo imepinda sana, daktari anaweza kuweka prizma kwenye miwani. Hiki ni kioo kinachopindisha mwanga, hivyo picha inasogezwa upande ule wa utulivu na kichwa kinanyooka bila kulazimishwa.

Vipi kuhusu dawa?

Dawa mbili zilizochunguzwa zaidi ni gabapentini, inayotumika kwa kifafa na maumivu ya neva, na memantini, ya ugonjwa wa kusahau uzeeni. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa zinaweza kupunguza kucheza kwa macho na kuboresha uwezo wa kuona kwa baadhi ya wagonjwa.

Hata hivyo, zinaweza kuleta kizunguzungu na usingizi. Ni uamuzi wa daktari bingwa, siyo za kununua duka la dawa na kumpa mtoto.

Sindano ya botoksi kwenye misuli ya jicho nayo ipo, lakini nguvu yake huisha baada ya miezi michache na inaweza kuangusha kope au kuleta kuona vitu viwili viwili.

Msaada usiohitaji duka la dawa

Darasani ndiko mtoto huyu anapoumia zaidi. Anaitwa mzembe kwa sababu anachelewa kunakili ubaoni. Mzazi anaweza kumwomba mwalimu mambo haya:

- Akae mbele, upande unaomruhusu kugeuza uso anavyopenda.
- Awe na kitabu chake, asichangie na mwenzake.
- Apewe maandishi makubwa, kioo cha kukuza na muda wa ziada kwenye mtihani.
- Asikaripiwe anaposoma. Hofu na uchovu huyafanya macho yacheze zaidi.

Kwa mwenye ualbino, ongeza kofia ya ukingo mpana na miwani ya kukinga jua.

Lini uharakishe?

Kila mtoto mwenye macho yanayocheza aonwe na daktari wa macho mapema. Hospitali kubwa kama Muhimbili na CCBRT jijini Dar es Salaam na KCMC mkoani Kilimanjaro zina huduma hiyo.

Usingoje hata siku moja ukiona weupe ndani ya mboni, au macho yakianza kucheza kwa mtoto mkubwa au mtu mzima, hasa akiwa na kichwa kinachouma, kutapika au kuyumba. Hiyo inaweza kuwa dalili ya tatizo kwenye ubongo au ndani ya jicho, na hapo kila siku ina thamani.