Barua ya Kukubaliwa Si Fedha

Mwaka juzi kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alipata barua kutoka chuo kikuu kimoja cha ng'ambo. Alikuwa amekubaliwa kusoma shahada ya pili katika mipango ya miji. Hapa Cyanzarwe habari ilienea kabla ya jioni. Mbuzi alichinjwa, na mzee mmoja akasema kwamba sasa na sisi tutakuwa na mtu wetu kwa wale wachorao ramani. Siku ya tatu ndipo tulipoisoma karatasi ya pili ya barua ile. Iliandikwa ada ya mwaka mmoja, nayo ilipita thamani ya shamba lote la viazi. Baba mkubwa alitaka kuliuza hata hivyo, angalau mtoto aanze. Kaka akakataa, na nafasi ikapita.

Tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza walimu, mapadri na wanafunzi wa zamani wanaopita shuleni jinsi watu wasio na mali wanavyosoma shahada hizo. Niliyoyapata nayaeleza hapa, kwa kuwa naona tulikosea jambo moja tangu mwanzo: tulidhani kukubaliwa na chuo ni sawa na kulipiwa.

Kwanza, kwa nini masomo haya? Rubavu ni mmoja wa miji sita ambayo serikali imeichagua ikue ili isaidiane na Kigali, na mji unapokua hupanda kuelekea mashambani kwetu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na matetemeko yaliyofuata yakapasua nyumba na barabara za Gisenyi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, na katika mafuriko na maporomoko ya siku ile watu zaidi ya 130 walikufa nchini. Baada ya mambo kama haya yupo mtu anayeamua wapi pajengwe na wapi pasijengwe, nani ahamishwe na alipwe nini. Kazi ya kwanza ndiyo mipango ya miji. Ya pili ndiyo sera za umma. Si kazi za kubahatisha, na mwenye kuijua ardhi yetu angezifanya vizuri zaidi kuliko anayeiona katika karatasi tu.

Sasa nije kwenye fedha. Wengi wetu twajua mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Rwanda, ile BRD iliyoanzishwa mwaka 1967. Mkopo huo ni jambo jema, nao hulipwa kidogo kidogo kwa kukatwa mshahara mtu akipata kazi. Lakini umewekwa hasa kwa ajili ya shahada ya kwanza. Jirani zetu wa Kenya wana bodi yao ya mikopo tangu mwaka 1995, na hiyo hukopesha hata wa shahada ya pili, lakini ni kwa raia wao. Basi Mnyarwanda anayetaka shahada ya pili hutazama zaidi skolashipu, yaani fedha isiyorudishwa.

Isiyorudishwa, ndiyo, lakini si ya bure. Hapa ndipo pa kusoma polepole. Chevening, ambayo ni fedha ya serikali ya Uingereza tangu mwaka 1983, hulipa ada, tikiti ya ndege na fedha ya kula kwa shahada ya mwaka mmoja. Lakini humtaka mtu awe amekwisha kufanya kazi saa 2,800, yaani kama miaka miwili, na akimaliza arudi kwao akae miaka miwili. Ile ya Japani na Benki ya Dunia, iliyoanza mwaka 1987, hutaka miaka mitatu ya kazi ya maendeleo. Shirika la Wajerumani liitwalo DAAD lina orodha ya masomo kwa watu wa nchi kama zetu, na mipango ya miji na mikoa imo. Nao hutaka miaka miwili ya kazi baada ya shahada ya kwanza, tena shahada hiyo isiwe imepita miaka sita. Kwa hiyo mtu anaweza kukosa kwa kuwahi mno, na anaweza kukosa kwa kuchelewa.

Katika orodha hiyo yapo masomo moja yaitwayo SPRING, ambayo nayapenda kuliko mengine. Yanafundishwa Dortmund, Ujerumani, na chuo hicho kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Ardhi cha Dar es Salaam. Mtu kutoka huku akisoma habari za vitongoji vya Dar es Salaam hatakuwa mgeni sana wa mambo, na lugha anayo.

Kwa sera za umma DAAD wana mpango mwingine, wenye jina la Helmut Schmidt aliyekuwa Kansela wa Ujerumani. Huu huwatazama zaidi vijana waliomaliza shahada ya kwanza, nao hulipia kwanza miezi ya kujifunza Kijerumani. Mojawapo ya shule zake ni ile ya Willy Brandt, mjini Erfurt.

Kwa kuwa Rwanda iliingia katika Jumuiya ya Madola mwaka 2009, tunaruhusiwa pia kuomba skolashipu za Jumuiya hiyo, zilizobuniwa mwaka 1959. Aina moja imewekwa wazi kwa ajili ya wasioweza kujilipia. Nchi za Ulaya kwa pamoja zina Erasmus Mundus, ambayo huondoa ada na kumpa mwanafunzi euro 1,400 kila mwezi. Fedha hiyo yaonekana nyingi, lakini ndimo inamotoka tikiti, kodi ya chumba na koti la baridi.

Marekani mambo ni tofauti. Huko shahada ya pili ya mipango mara nyingi hulipiwa nusu tu, au mwanafunzi hupewa kazi ya kumsaidia mwalimu ili apunguziwe ada. Anayesomea udaktari ndiye hulipiwa kwa ukamilifu mara nyingi zaidi. Wapo wachache wanaotoka katika desturi hiyo, kama shule ya sera za umma ya Princeton inayowalipia ada wanafunzi wake wote wa shahada ya pili. Lakini ni nani asiyeomba huko?

Jambo jingine ni utaratibu wa milango. Kwa ile ya Benki ya Dunia, lazima uwe umekwisha kukubaliwa na chuo, kisha ndipo uombe fedha. Kwa Chevening waomba fedha na nafasi ya chuo kwa wakati mmoja. Kwa DAAD mara nyingi maombi hupitia chuo chenyewe. Kaka yangu aliomba chuo peke yake, na barua ilipofika, karibu kila mlango wa fedha wa mwaka ule ulikuwa umefungwa. Mingi ya milango hiyo hufungwa miezi mingi kabla ya masomo kuanza.

Nako mjini kuna watu wanaosema watakutafutia skolashipu ukiwapa kitu mkononi. Chevening, DAAD na Jumuiya ya Madola hawatozi hata faranga moja kwa kuomba. Gharama zipo, ila ni za pasi, za kutafsiri vyeti na pengine za mtihani wa Kiingereza. Na vyuo kadhaa hukubali barua tu inayothibitisha kwamba mtu alisoma kwa Kiingereza.

Kwenu wanafunzi wa zamani nina neno. Sisi tulio darasani hatuwezi kuomba hata moja ya hizi. Hatuna shahada wala miaka ya kazi. Ninyi mlio katika ofisi za sekta na za wilaya, mnaofundisha, mnaopima ardhi, mnayo miaka hiyo mikononi na pengine hamjui kwamba inahesabiwa. Mwombeni mkuu wenu barua inayotaja tarehe na kazi mliyofanya, mngali mnaelewana naye.

Kaka yangu sasa yuko katika ofisi moja ya ujenzi, akihesabu mawe na saruji. Miaka yake miwili itatimia mwezi wa Machi. Tarehe za kufunga maombi ameziandika kwa makaa ukutani, juu ya mlango wa jiko, na baba mkubwa, ambaye hajui kusoma, amekataza watoto wasiziguse.