Kisima cha Butangi na Maji ya Mbwaa: Kufunza Mighani Meru na Embu

Mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kutwa ya mashambani, iwe Tigania au Runyenjes, amewahi kuyasikia malalamiko haya: fasihi simulizi ni ya watu wa pwani. Mwanafunzi huzungumza Kimeru au Kiembu nyumbani, darasani husoma nakala moja ya kitabu teule na wenzake wawili, na shujaa anayemkuta katika kila mwongozo ni Fumo Liongo. Basi hukariri. Akiulizwa sifa za mighani katika karatasi ya tatu, huziorodhesha bila mfano, na alama humponyoka.

Tuanze na tamthilia ya Kifo Kisimani (2001), iliyowahi kutahiniwa katika KCSE. Mwandishi wake, Kithaka wa Mberia, ni mzaliwa wa Tharaka, jirani zetu kabisa. Ameuchukua mkasa wa Liongo, aliyesalitiwa na jamaa yake akafia kisimani, akauhamishia Butangi. Mtemi Bokono anaposhindwa kumnyamazisha Mwelusi kwa gereza, Gege, nduguye Mwelusi, anarubuniwa kwa ahadi ya kumwoa Alida. Ikiwa mtu wa bara aliweza kuuona utawala wa kisasa ndani ya mighani ya pwani, mwanafunzi wa Meru anashindwaje kuutumia urithi wake?

Urithi huo upo. Wazee wa Kimeru husimulia kuwa jamii yao ilitoka Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, ambako walitumikishwa na Nguo Ntuni, yaani watu wa nguo nyekundu. (Wapo wanahistoria wanaokisia kuwa Mbwaa ni kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, kwao Liongo!) Mabwana hao waliwapa majaribu yasiyowezekana. Waliambiwa watengeneze kiatu chenye manyoya pande zote mbili. Tena walitoe tunda lililotumbukizwa katika shimo refu bila kulidunga. Walimimina maji shimoni, tunda likaelea. Majaribu yalipozidi, Koomenjwe aliwaongoza kutoroka, akayapiga maji kwa fimbo yake, yakagawanyika. Waliovuka usiku wakawa Njiru, alfajiri Ntune, na mchana Njeru.

Hapa darasa hugawanyika, na ni vyema ligawanyike. Je, huu ni mighani au kisasili? Koomenjwe ni shujaa mwenye uwezo usio wa kawaida, anayelikomboa taifa lake: hiyo ni mighani. Lakini masimulizi yanaeleza pia asili ya jamii na mafungu yake ya koo, jambo linaloyasogeza kwenye visasili. Binafsi naelemea mighani, kwa kuwa uzito wa kisa uko kwenye mapambano. Mtahiniwa akichagua upande wowote, sharti atoe sababu kutoka ndani ya kisa. Waembu wao wana Mwenendega, ambaye kichaka chake kiko karibu na Runyenjes. Hicho ni kisasili bila ubishi mkubwa.

Ulinganisho ndio wenye faida zaidi. Koomenjwe anaondoka na watu wake. Liongo na Mwelusi wanauawa kwa mkono wa jamaa. Mwulize mwanafunzi: kwa nini Mbwaa hakuna Gege? Kisha mtume kwa nyanya yake Ijumaa, arudi Jumatatu na kisa, jina la fanani, na mahali kiliposimuliwa.