Mbona Wimbo Hauanzi? Namna ya Kuisikiliza Albamu ya House

Mwekee mtu wa Mahege aliyelelewa na singeli na taarabu albamu ya house, ile ya taratibu yenye waimbaji wa hisia, na haitapita dakika ya pili kabla hajauliza: "Mbona wimbo hauanzi?" Mdundo ni uleule, kinanda kinarudia kipande kilekile, na mwimbaji hajulikani alipo. Swali lake ni la haki. Anasubiri ubeti, kiitikio na kisa, kwa kuwa ndivyo zilivyosukwa nyimbo nyingi tunazozijua. Kumbe katika house kisa chenyewe ni nani anaingia, nani anatoka, na lini.

Sikio la kufuata kisa cha namna hiyo tunalo tayari huku Kibiti na deltani, maana tumelipata ngomani. Vumi huweka sauti nzito ya chini, chapuo hujibu kwa juu, msondo husema yake, kayamba hujaza nafasi iliyobaki. Hakuna anayesimama pembeni ya uwanja akauliza ngoma itaanza lini. Mpigaji akibadili mkono, mchezaji hubadili mguu, na mtazamaji mjuzi hushangilia badiliko hilo hata kama hakuna neno jipya lililoimbwa.

House imegawa kazi vivyo hivyo. Chini kabisa kuna pigo zito linaloanguka moja, mbili, tatu, nne bila kukosa. Kofi la mashine huja kwenye pigo la pili na la nne, na toazi dogo hulia katikati ya mapigo. Juu yake huketi besi, kisha kinanda, na mwisho sauti ya mtu. Fanya jaribio hili: hesabu mapigo 32 tangu wimbo uanze. Kwa kawaida ukifika hapo kitu kitabadilika: toazi litaongezeka, besi itaingia, au pigo zito litaondolewa ghafla ili lirudi baadaye kwa kishindo. Wimbo ukienda kwa mapigo 120 kwa dakika, mapigo hayo 32 ni sekunde 16 tu. Anayesema hakuna kinachotokea alikuwa anasubiri maneno, na badiliko likampita.

Kasi nayo inamchanganya mgeni. House hukimbia kati ya mapigo 118 na 128 kwa dakika, wakati singeli ya Dar es Salaam huvuka 200 na kukaribia 300. Lakini singeli ya mapigo 240 ni house ya 120 iliyogawanywa mara mbili. Anayeweza kuicheza ya kwanza anaweza kuihesabu ya pili, ila katika house atakuta nusu sekunde nzima kati ya pigo na pigo. Nafasi hiyo ndiyo hazina ya muziki huu. Mashine ya ngoma haichelewi wala haiwahi. Mpiga kinanda huchelewa kidogo kwa makusudi, na mwimbaji hulivuta neno likapita mpaka wake. Hisia tunazozisikia zinatoka kwenye mvutano huo kati ya mashine isiyoyumba na binadamu anayeyumba kwa ustadi. Ndiyo maana mstari mmoja waweza kurudiwa mara kumi na kila mara ukawa na uzito mwingine. Uimbaji huo mizizi yake iko katika makanisa ya Wamarekani weusi.

Muziki wenyewe ulizaliwa Chicago. Mwaka 1977 DJ Frankie Knuckles, mzaliwa wa New York, alianza kupiga muziki katika klabu ya Warehouse, iliyopendwa na vijana weusi, wengi wao mashoga. Miaka miwili baadaye disko lilipigwa vita hadharani Marekani, na kampuni za rekodi zikalipa kisogo. Vijana wa Chicago wakaendelea nalo kwa vifaa ambavyo wengine hawakuvithamini. Mashine ya ngoma ya Roland TR-909, iliyotoka mwaka 1983, haikununuliwa sana, hivyo ikapatikana kwa bei nafuu ikiwa mtumba. Larry Heard, aliyeanza muziki kama mpiga ngoma, alijipatia kinanda na mashine ya namna hiyo, na mwaka 1986 akatoa "Can You Feel It" kwa jina la Mr. Fingers. Mwaka 1988 yeye na kundi lake la Fingers Inc., akiwemo mwimbaji Robert Owens, walitoa "Another Side", miongoni mwa albamu za mwanzo kabisa za house. Hapa kwetu mchiriku ulikua kwa mtindo huohuo: vijana wa uswahilini Dar es Salaam walichukua vinanda vidogo vya Casio, wakavipitisha kwenye spika kali pamoja na ngoma.

Afrika Mashariki ina mfano wake mzuri. Kundi la Just a Band la Kenya, lililoanzia Chuo Kikuu cha Kenyatta, lilitoa albamu ya "82" mwaka 2009. Wengi wanaikumbuka kwa "Ha-He", ambayo video yake ya mwaka 2010 ilimfanya mhusika Makmende kuwa gumzo la mtandaoni. Kicheko cha Makmende kiliufunika ufundi wa albamu yenyewe. Sikiliza jinsi house, fanki na disko zinavyokaa meza moja na Kiswahili na Kiingereza cha Nairobi, na jinsi waimbaji wasivyogombana na mdundo.

Tatizo kubwa la msikilizaji wetu ni chombo. Uzito wa lile pigo la chini uko kwenye mitetemo kama 50 au 60 kwa sekunde, na spika ya simu haina uwezo wa kuutoa. Anayesikiliza house kwa spika ya simu amehudhuria ngoma isiyo na vumi. Hedifoni za kawaida zitamsaidia, na sabufa itamsaidia zaidi, mradi asiibane kwenye kona ya chumba: kona huongeza besi mpaka ikawa mngurumo, bati likatetemeka, na kinanda kikazama. Isogeze mbali na ukuta, punguza besi, halafu sikiliza kama bado unalitofautisha pigo na besi. Ukivisikia kama kitu kimoja, bado imezidi.

Jambo la pili ni mpangilio. Albamu zinazofika kwetu kwa memori kadi mara nyingi hupangwa na simu kwa alfabeti, hivyo wimbo wa kufungia huweza kupigwa wa tatu. Mtayarishaji alipanga nani atangulie kama alivyopanga mapigo. Andika namba mbele ya jina la kila wimbo, urudishe mpangilio wake.

Anayeanza kabisa aanze na "Subconsciously" ya Black Coffee wa Afrika Kusini, iliyotoka mwaka 2021 na kushinda tuzo ya Grammy ya albamu ya muziki wa dansi na kielektroniki mwaka 2022. Nyingi ya nyimbo zake ni za sauti za watu, wakiwemo Usher na Pharrell Williams, kwa hiyo hatakosa pa kushika. Kwangu mimi wepesi huo ndio upungufu wake: inamhurumia msikilizaji, na ile raha ya kungoja inapungua. Baada yake aende kwenye "82", kisha "Another Side", ambako vitu ni vichache na kila kimoja kinajieleza. Akifika hapo atakuwa na kipimo cha kuihukumu albamu yoyote ya aina hii: katikati ya wimbo, achague sauti moja na ajiulize kama ingetolewa angeikosa. Nyimbo nyingi zikijibu hapana, tatizo si sikio lake tena, na ana haki ya kuizima akapiga singeli.