Asiitwe Kikojozi

Liko neno moja ambalo watoto wetu hulijua kabla ya kujua kusoma: "kikojozi". Hulitamka kwa kicheko, na wakubwa nao hucheka. Leo twapenda kuwauliza wasomaji wetu: je, huyo tunayemcheka hawezi kuwa mgonjwa?

Wapo watoto wanaozaliwa na kasoro za njia ya mkojo. Kwa baadhi ya wavulana, tundu la mkojo huwa upande wa chini wa uume badala ya kuwa kwenye ncha. Yakadiriwa kuwa kasoro hii humpata mvulana mmoja katika kila 200 hadi 300. Wengine, nao ni wachache sana, huzaliwa kibofu kikiwa nje ya tumbo. Wengine huzaliwa na mgongo wazi, na mishipa ya fahamu inayotawala kibofu isifanye kazi yake, hata mkojo ukawatoka bila wao kujua. Hakuna aliyetenda kosa, wala mama zao hawakurogwa.

Na tumfikirie mtoto wa namna hiyo huko Nyabibuye, katika nchi ya vilima ya Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012. Darasani huketi peke yake, mchezoni haingii. Akibalehe hujiuliza kama atapata mwenzi wa ndoa, naye hana wa kumwuliza. Madaktari wameona kwamba watoto hawa huweza kuandamwa na huzuni, wasiwasi na fedheha hata baada ya kupasuliwa vyema.

Tiba ya mwili ipo. Mvulana mwenye kasoro ya tundu asitahiriwe kabla ya kuonwa na daktari, maana ngozi ile huhitajiwa katika kumtengeneza; na umri ufaao kupasuliwa ni baina ya miezi 6 na 18. Naye mwenye mgongo wazi, kwa njia aliyoieleza daktari Jack Lapides wa Marekani mwaka 1972, aweza kufundishwa kujitoa mkojo mwenyewe kwa mpira safi mara kadha kwa siku, akashinda mkavu. Lakini kazi hiyo yataka maji, sabuni na choo chenye mlango. Shule isiyo na choo cha namna hiyo humfukuza mtoto huyu bila ya kumwandikia barua.

Tiba ya moyo haihitaji safari ya hospitali ya rufani. Wazazi wasimfiche ndani. Wamweleze ukweli wa mwili wake kwa maneno anayoyaelewa. Mwalimu aambiwe kwa faragha, amruhusu kutoka pasipo kuomba ruhusa mbele ya wenzake. Akizidi kujitenga, au akikataa kula na kusema, apelekwe kwa mganga wa zahanati kama apelekwavyo mwenye homa.

Tangu uhuru wa mwaka 1961 twawataja maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mtoto huyu amekwisha kuzaliwa na mmoja wao. Haifai sisi tumwongezee wa pili kwa ndimi zetu.