Udongo Mmoja, Rangi Mbili

Haya wanangu, nani kati yenu amefika Mkuyuni? Ukitoka Morogoro mjini unashika njia ya Bigwa kuelekea Matombo, milima ya Uluguru ikiwa kulia kwako. Mvua ikinyesha huko, viatu vinarudi vyekundu. Wekundu ule ni chuma, punje ndogo mno zilizoshika kutu ndani ya udongo. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Basi, mwaka 1950 alizaliwa Nairobi binti aitwaye Magdalene Odundo, ambaye baadaye alikuja kuwa mfinyanzi. Mwaka 1971 alikwenda Uingereza kusomea sanaa, na huko udongo ukamnasa. Miaka michache baadaye alisafiri hadi Nigeria, kwenye mji ulioitwa Abuja wakati huo, leo Suleja, akajifunza kwa Ladi Kwali, yule mama mfinyanzi ambaye picha yake imo kwenye noti ya naira 20. Akifinyanga vyungu vya jadi, Kwali hakuzungusha chungu. Alikizunguka yeye mwenyewe, ameinama, mkono mmoja ndani na mwingine nje, huku ukuta wa udongo ukipanda taratibu.

Odundo naye hufinyanga kwa mkono, kisha hukwangua na kusugua mpaka ukuta unakuwa mwembamba. Kila chungu kina mdomo, shingo, tumbo na tako, sivyo? Yeye huzivuta sehemu hizo: shingo ikarefuka na kupinda, tumbo likajaa, mdomo ukalalia upande mmoja. Ukikitazama unasubiri kigeuke kikutazame. Kuchotea maji kingesumbua, lakini nani atachota maji kwa chombo cha makumbusho?

Sasa rangi. Hapaki rangi ya dukani wala ile ya kung'aa kama kioo. Hupaka uji wa udongo laini uliochujwa, akasugua kwa kokoto hadi ung'ae, kisha akachoma. Moto ukipata hewa tele, chuma hushika oksijeni na chombo hutoka chekundu kinachoelekea rangi ya chungwa. Akikirudisha motoni kimefungiwa pamoja na vipande vya mbao, hewa ikawa haba, moshi huinyang'anya kutu oksijeni yake na masizi hupenya mwilini mwa chombo. Kinatoka cheusi tii. Pale moshi ulipofika nusunusu hubaki doa la chungwa, kila chombo na lake.

Kinamama wanaochomea vyungu uwanjani kwa kuni na nyasi wanayajua mabaka hayo vizuri, hata kama neno oksijeni halijawahi kuwatoka kinywani. Sokoni mteja anaweza kuyanung'unikia. Odundo huyatafuta.

Mnaotaka kuhakikisha, fanyeni hivi mkiwa na mtu mzima. Finyangeni vikombe viwili vidogo, mviache kivulini siku nyingi vikauke kabisa, maana maji yakibaki ndani hugeuka mvuke na kikombe hupasuka. Vichomeni vyote motoni. Kisha kimoja kitieni ndani ya kopo la bati lililojaa pumba za mpunga, mlifunike, mlirudishe motoni, mkae mbali na moshi, na msifunue kopo mpaka lipoe.