Naviundu: gunia la unga, shaba na uso wa rafiki

Kartie ya Naviundu iko katika komini ya Annexe, mjini Lubumbashi. Mtu wa hapo anayetaka kutengeneza sura kubwa ya rafiki yake kwa vitu mchanganyiko hahitaji kitambaa cha kutoka Ulaya. Gunia la unga linatosha. Linafumuliwa mshono, linafuliwa, linavutwa juu ya kadre ya mbao, halafu linapakwa rangi nyeupe ili lisinywe rangi nyingine.

Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa Katanga aliyezaliwa 1947, alifanya kazi juu ya magunia ya namna hiyo. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaantropolojia Johannes Fabian picha zaidi ya 100 za historia ya nchi. Picha kama hizo, ambazo familia zilitundika sebuleni, ziliitwa ukumbusho.

Lakini gunia si taabu. Taabu ni uso. Kuna watu wasio na foto nyingine ila ile ya karte ya elekteri, ndogo na iliyofifia. Wachoraji wana njia ya miraba: fotokopi inapigwa mistari, na gunia vilevile. Mraba wa milimita 5 ukiwa sentimita 15, uso wa sentimita 3 unafika sentimita 90. Hapo foto inaishiwa maneno. Macho na kona za mdomo lazima zitazamwe kwa mtu mwenyewe, kwa hiyo heri kuanza rafiki angali hai na ana saa mbili za kukaa kitini.

Shati linaweza kuwa shati lake la kweli, lililochakaa, limebandikwa kwa gundi. Kofia ya kazini inaweza kuwa bati jembamba la shaba, limegongwa kutoka nyuma mpaka litokeze. Shaba ni nzito, gundi peke yake haiishiki. Inashonwa kwa waya mwembamba. (Waya wa SNEL uliokatwa usiku usinunuliwe, hata ukiwa bei chini: kartie nzima inabaki gizani.) Malakite isisagwe bila kufunika pua, maana vumbi lake lina shaba. Na katoni isiwekwe chini ya picha, mvua ya Novemba itaivimbisha.

Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi 1978, alitumia kompyuta. Katika kazi yake Mémoire, ya 2006, alikata wafanyakazi kutoka foto za zamani za kampuni ya migodi, akawasimamisha mbele ya mitambo iliyokufa. Wengi wao hawajulikani majina. Kampuni ilipiga foto, haikumuuliza mtu anataka kuonekanaje.

Rafiki anaweza kuulizwa. Huenda aliyechimba miaka 20 hataki kofia ya mgodi kichwani. Anataka suti ya harusi. Basi kipande cha ile suti kitafutwe, na jina lake liandikwe mbele, chini ya kidevu, kwa herufi kubwa.